Usiku wa Kumuaga Mwenzangu Hewani: Nitaendeshaje Kipindi?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mtangazaji wa redio. Kwa miaka sita nimeshirikiana na mwenzangu mmoja, aliyenizidi umri na uzoefu, katika kipindi cha muziki wa wasanii wa eneo letu ambacho hurushwa mubashara kila Ijumaa kuanzia saa mbili hadi saa nne usiku. Yeye ndiye aliyekianzisha, na yeye ndiye aliyenifundisha kuketi mbele ya mitambo bila kutetemeka. Analo daftari kubwa ambamo huandika jina la kila msanii aliyepigwa redioni kwa mara ya kwanza kupitia kipindi chetu, pamoja na namba yake ya simu na neno moja au mawili kuhusu wimbo wake.

Sasa anaondoka. Ukimuuliza atakuambia ameamua mwenyewe, lakini mimi niliyekuwapo wakati ratiba mpya inapangwa najua kwamba nusu ameondoka na nusu ameondoshwa. Wiki mbili zijazo atafanya kipindi chake cha mwisho, na mkuu wa vipindi ameagiza niendeshe mimi usiku huo, naye akae upande wa wageni.

Hapo ndipo shida zilipoanza. Ofisi inataka saa zote mbili ziwe za kumuaga: meneja azungumze, watangazaji wa zamani waje, simu zifunguliwe, na vikundi vitano vya muziki vimekwisha kuomba kuja kuimba studio. Mwenzangu mwenyewe, nilipomgusia jambo hilo, alicheka kisha akasema, “Usinifanyie matanga nikiwa hai. Wewe piga muziki.” Nami nina nyimbo nane mpya za vijana ambao niliwaahidi kwamba zitasikika Ijumaa hiyohiyo, na baadhi yao wamekwisha kuwatangazia jamaa zao. Habari na matangazo ya biashara peke yake huchukua dakika 26 katika saa hizo mbili.

Kuna mengine matatu, nayo naona haya kuyasema. La kwanza ni kwamba nimejaribu kusoma maneno ya kumuaga nikiwa peke yangu studio, kipaza sauti kikiwa kimezimwa, na sijawahi kuipita sentensi ya tatu kabla ya sauti kukatika. La pili, wasikilizaji wametuma ujumbe wakiuliza kama amefukuzwa, na kwa hasira niliyonayo naogopa nitawajibu. La tatu, nimepanga kwa siri mtoto wake anayeishi mbali apige simu moja kwa moja hewani katikati ya kipindi, mama yake, yaani mwenzangu, asijue. Fundi mitambo anaona ni wazo zuri sana, lakini kila nikilifikiria moyo wangu hautulii.

Nifanyeje ili nimuage kwa heshima, ofisi isinilaumu, na kipindi kisiharibike?

Ni mimi,
Mrithi Asiyejiandaa

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi. Umeeleza sana habari za mwenzako, umeeleza matakwa ya ofisi, umeeleza machozi yako, lakini wasikilizaji umewataja mara moja tu, tena kwa sababu wamekuuliza swali usilotaka kulijibu. Nitaanza na hao, kwa kuwa nikiwaweka mahali pao mambo yako mengi yatajipanga yenyewe.

Saa tatu kasorobo usiku huo, mtu atawasha redio akiwa jikoni au njiani. Pengine hamjui mwenzako hata kidogo. Akikuta watu wanne wanacheka studio kwa kisa kilichotokea ofisini miaka mingi iliyopita, na kila mmoja anasema “unakumbuka siku ile,” atajiona kama mpita njia aliyechungulia dirishani kwenye sherehe ya wenyewe, naye atahamia masafa mengine bila kinyongo. Ndugu zako wa ofisini hawalioni hilo kwa sababu wao wamo ndani ya nyumba. Kwa hiyo kipimo changu kwa kila kitu kitakachosemwa hewani usiku huo ni kimoja: je, yule wa jikoni atapata kitu? Kisa cha jinsi mwenzako alivyopokea kanda yenye kelele za mvua, akaipiga hivyohivyo kwa sababu sauti ya mwimbaji ilikuwa njema, kinampa msikilizaji kitu, hasa ikiwa wimbo wenyewe unafuata. Orodha ya sifa zake haimpi kitu. Niliwahi kuagwa hewani mimi mwenyewe kwa dakika 40 za sifa mfululizo, na ninachokikumbuka zaidi ni aibu ya kutojua niuweke wapi uso wangu.

Mwenzako amekwisha kukupa agizo zuri kuliko la mkuu wa vipindi. Aliposema usimfanyie matanga, hakuwa anajinyenyekeza tu. Alikuwa anakulindia kipindi. Chukua karatasi upige hesabu, maana ofisi huelewa hesabu upesi kuliko hisia. Una dakika 120. Ukiondoa zile 26 za habari na biashara zinabaki 94. Ukipiga nyimbo 17 za wastani wa dakika nne kila moja, zitakula 68, na utabaki na dakika 26 za maneno yote: kufungua kipindi, kutaja nyimbo na wasanii, salamu, mahojiano na kumuaga. Katika hizo 26, mimi ningetoa 14 kwa ajili ya kuaga, tena zikiwa zimegawanywa vipande vinne au vitano vilivyotengwa na muziki. Dakika 14 za kuaga zilizochanganywa na nyimbo 17 husikika kuwa nyingi. Saa mbili za hotuba husikika kuwa hotuba moja, ndefu, isiyokwisha. Nenda na karatasi hiyo kwa mkuu wa vipindi mapema, na umpelekee mpango uliokamilika badala ya malalamiko.

Nyimbo nane za vijana wako zibaki zote. Sioni njia bora ya kumuaga mtu aliyetumia miaka yake kuwafungulia mlango wasiojulikana kuliko kuwafungulia wengine wanane usiku wa mwisho wake. Mwombe yeye awatambulishe wanne kati yao kwa maneno yake, kama alivyozoea. Zile tisa zilizosalia mwachie achague kutoka daftarini, na umwombe aseme kwa sentensi mbili kwa nini kila moja. Utashangaa jinsi maisha yake yote kazini yatakavyosimuliwa bila mtu yeyote kuyasimulia. Na usiku huo, pamoja na shamrashamra zake, kumbuka kujaza kumbukumbu za nyimbo zilizopigwa: jina la wimbo, mtunzi, mwimbaji na muda, zikiwamo zile zitakazoimbwa papo hapo studio. Mirabaha ya wasanii, yaani malipo yao nyimbo zao zinapopigwa, hutegemea karatasi hiyo, na usiku wa sherehe ndio usiku ambao watu huisahau.

Vikundi vitano ni vingi mno. Kikundi kimoja tu chenye ngoma na magitaa kinahitaji vipaza sauti vyake, nyaya, nafasi, na muda wa kupima sauti kabla ya kipindi, na kila kubadilishana kati ya kikundi na kikundi utalazimika kukifunika kwa maneno ambayo huna. Chagua mwimbaji mmoja na gitaa lake, aje saa kumi na mbili jioni, apimwe sauti, aimbe nyimbo mbili ndani ya zile tisa. Hao wengine warekodi salamu za sekunde 20 katikati ya wiki, nawe uziweke mbele ya nyimbo zao. Fanya hivyohivyo kwa watangazaji wa zamani. Salamu iliyorekodiwa ina faida ambayo watu hawaisemi: inaweza kukatwa.

Meneja apewe dakika mbili, na azipate mwanzoni, mara baada ya wimbo wa kwanza, wala si mwishoni. Mkubwa anayezungumza mwanzoni huwa anafungua shughuli. Akizungumza mwishoni huwa anaifunga, na kuifunga si haki yake usiku huo. Kama ni mtu wa maneno marefu, mrekodi mchana.

Sasa habari ya simu ya siri. Moyo wako hautulii kwa sababu moyo wako una akili kuliko fundi mitambo, na umwambie hivyo kwa upole. Mtu akishtukizwa na sauti ya mwanawe mbele ya maelfu ya watu, analazimika kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja: kuhisi na kutangaza. Mwenzako ametangaza kwa miaka mingi, kwa hiyo atajikaza atangaze, na yale machozi au kicheko ambacho mtoto wake alistahili kukipata kitamezwa kooni. Tena hujui kuna nini kati ya mama na mwana. Mwambie mapema kwamba mtoto wake ameomba kusema neno, umuulize kama angependa lirushwe. Akikubali, rekodi simu hiyo mchana, mwenyewe akiisikiliza kwa mara ya kwanza studio mkipiga wimbo na vipaza sauti vikiwa vimefungwa, kisha mwamue pamoja kipande gani kiende hewani. Akikataa, mpe namba azungumze na mwanawe nje ya studio. Kama unataka jambo la kushtukiza, tafuta dogo lisilomdai chochote: kwa mfano, anza kipindi kwa kiashirio cha zamani, ule muziki wa kufungulia kipindi, alichokitumia mwaka wa kwanza, kama kimehifadhiwa. Atatabasamu, na hakuna atakayemwona.

Simu nyingine za moja kwa moja usizikatae kabisa, lakini zisizidi tatu. Kila mpigaji aulizwe kwanza nje ya hewa jina lake na anachotaka kusema, na aambiwe ana dakika moja. Kama mitambo yenu ina kifaa cha kuchelewesha matangazo kwa sekunde chache, hakikisha kimewashwa, kwa maana uvumi uliousikia kwenye ujumbe ndio utakaokuja kwenye simu.

Kuhusu uvumi huo na hasira yako nitakuwa mkali kidogo. Kuondoka kwake ni habari yake, si yako, hata kama ulikuwapo ratiba ikipangwa. Ukisema hewani kwamba ameonewa, utakuwa umemgeuza mwenzako kuwa ushahidi katika kesi ambayo hakuifungua, na asubuhi yake ni yeye atakayepigiwa simu kuulizwa. Muulize faraghani, “Ukiulizwa kwa nini unaondoka, ungependa jibu liwe lipi?” Atakachokujibu kiandike neno kwa neno, na hicho ndicho utakachosema, bila kuongeza wala kupunguza, wala kukisema kwa sauti ya mafumbo. Lalamiko lako dhidi ya ofisi linaweza kuwa la haki kabisa. Liandikie barua yake, yenye tarehe na sahihi, ulipeleke Jumatatu. Na usiku huo kumbuka kanuni ya kwanza uliyofundishwa: kila kipaza sauti kihesabiwe kuwa kimewashwa, hata wimbo unapopigwa, hata mnaponong’ona.

Machozi hayanitishi kama yanavyokutisha. Sauti hukatika kwa sababu misuli ya koo hukaza na pumzi hupanda juu kifuani, na hali hiyo huwa mbaya zaidi katika sentensi ndefu ambayo mtu anaikimbilia ili aimalize. Kwa hiyo yaandike upya maneno yako kwa sentensi fupi, uache nafasi kubwa kati ya mstari na mstari, na uyasome kwa sauti nyumbani kila siku mpaka yakuchoshe kidogo. Maneno yaliyokuchosha hayana nguvu ya kukuvamia. Ile sentensi ya tatu inayokushinda, nadhani ni ile inayomhusu yeye na wewe. Itoe. Iandike kwenye kadi umpe mkononi. Hewani sema mambo mawili tu ambayo kila msikilizaji anaweza kuyaelewa: idadi ya wasanii waliomo daftarini, na jina la wa kwanza aliyeandikwa humo. Kabla ya kusema, toa pumzi yote nje taratibu, kisha ndipo uvute. Patana na fundi mitambo ishara ya mkono, na wimbo uwe tayari wakati wote, ili ukiinua kidole yeye aupandishe mara moja. Ukilia, lia, usiombe radhi kwa dakika nzima. Sekunde tatu za ukimya redioni si msiba. Muulize tu fundi kifaa cha kugundua ukimya kimewekwa kwa sekunde ngapi, kwa sababu katika vituo vyenye kifaa hicho, ukimya ukizidi kiwango kilichowekwa mtambo huanza kupiga muziki wa akiba wenyewe, na hilo nisingependa litokee wakati mwenzako anatafuta neno.

Nimefika mwisho wa kipindi, ambako ndiko kazi yako halisi iliko. Neno la mwisho ni lake, kwa sauti yake. Terry Wogan alipoacha kipindi chake cha asubuhi cha BBC Radio 2 tarehe 18 Desemba 2009, aliwaaga wasikilizaji yeye mwenyewe, na Chris Evans aliyemrithi akaanza Januari 2010. Wengine hawakuipata nafasi hiyo: John Peel, aliyekuwa BBC Radio 1 tangu 1967 akipiga kazi za vikundi visivyojulikana, alifariki Oktoba 2004 akiwa safarini Peru, na kipindi alichokifanya kabla ya safari ndicho kikageuka kuwa cha mwisho. Mwenzako amepewa usiku ambao anajua ni wa mwisho. Usimnyang’anye dakika zake kwa kutojua saa.

Ihesabu hivi, kutoka mwisho kurudi nyuma. Habari za saa nne haziwezi kusubiri. Tuseme utambulisho wa kituo ni sekunde 15 na wimbo wa mwisho alioupenda una dakika 4 na sekunde 20; basi wimbo huo lazima uanze saa tatu na dakika 55 na sekunde 25. Yeye azungumze dakika mbili, nawe umpe dakika moja ya akiba bila kumwambia, hivyo mwachie kipaza sauti ifikapo dakika ya 52 na sekunde 25. Wimbo uanzishe kwa wakati wake hata kama bado anazungumza, sauti ya wimbo ikiwa imefungwa kabisa hewani. Akimaliza, upandishe taratibu kutoka pale ulipofika. Hakuna atakayejua kwamba umeanzia katikati, na utakwisha sawasawa na saa. Kwa sababu hiyo umshauri mwenzako achague wimbo wenye muziki mrefu bila maneno mwanzoni, na wenye mwisho unaoeleweka, usiofifia polepole. Wewe usiseme chochote baada yake. Hata “asante sana.” Utamshukuru mkiwa mmevua visikilizio.

Jambo moja limebaki, ambalo hukuliuliza ila umelitia sahihi. Umejiita mrithi asiyejiandaa, na nadhani kinachokukata sauti katika sentensi ya tatu ni Ijumaa inayofuata zaidi ya usiku wa kuaga. Ijumaa hiyo usianze kwa kusema kwamba kiti ni kikubwa wala kwamba unajisikia mpweke. Fungua kwa wimbo, utaje msanii, uendelee. Mtaje mwenzako mara moja, mahali ambapo kazi yake inahusika, kisha muziki. Na wiki hii, kabla ya usiku wenyewe, mwombe lile daftari. Usisubiri akukabidhi hewani mbele ya watu. Nenda kwake mchana wa utulivu, kaeni chini, akueleze majina ambayo mwandiko wake hausomeki, akuambie ni namba zipi zimebadilika na nani alihama au aliacha kuimba. Kisha fungua ukurasa ulio wazi, na wale vijana wanane muwaandike pamoja, yeye wanne na wewe wanne.

Wako,
Shangazi